Shikamoo ya Mzee Kobe

Sogeeni karibu, na wewe mwenye kikohozi kohoa sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Palikuwa na pori, na mwaka huo mvua ilisusa. Mito ikabaki mchanga, madimbwi yakabaki tope, na tope lenyewe likakauka likapasuka. Maji yakawa mahali pamoja tu, kwenye bwawa lililokuwa chini ya jabali la Simba.

Simba ndiye alikuwa mfalme. Hakuwa mbaya kupita kiasi, ila alijipenda, jamani! Angeweza kukaa asubuhi nzima akisikiliza jina lake likitajwa. Alipoona pori zima linalitaka bwawa lake, akapanda juu ya jabali na kutangaza sheria.

"Hakuna atakayeonja maji haya kabla ya kuniamkia," alisema. "Na sitaki shikamoo za mkupuo, kundi zima kwa sauti moja, kama mnasalimia gogo. Kila mnyama na shikamoo yake, na kila mmoja nitampa marahaba yake. Siku nitakayoacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani bila jibu, siku hiyo msiniite mfalme tena."

Wanyama wakashangilia. Kumwamkia mkubwa ni kazi gani? Na pale majini ilikuwepo desturi ya tangu zamani kwamba mwenye meno hamgusi asiye na meno. Kila mtu akaenda kulala akijua kesho atakunywa.

Basi Simba, kwa kutopenda kusumbuliwa na mambo madogo, akamweka Fisi kuwa mlinzi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fisi na wajomba zake wakazungusha ua wa miiba kuanzia bwawani mpaka jabalini, wakaacha lango moja, na Fisi akakaa langoni na tumbo lake.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Swala, na mwanawe mchanga akimfuata nyuma kwa kuyumbayumba.

"Nakuja kumwamkia mfalme," alisema Bi Swala.

"Mikono mitupu?" Fisi akamtazama kwa mshangao. "We mama, nani kakulea? Shikamoo ya mfalme inakwenda na kitoweo. Lete nyama."

"Nyama! Mimi nakula majani, Bwana Fisi. Nyama nitaitoa wapi?"

"Mbona unayo," alisema Fisi, akimpima kuanzia shingoni hadi kwatoni. "Umeivaa."

Bi Swala alirudi nyuma haraka, akamsukuma mwanawe mbele yake. Kanga, yule ndege asiyenyamaza, alifika baada yake, akaacha mayai yake yote langoni ndipo akaruhusiwa kunywa mafundo machache, bila hata kufikishwa kwa mfalme. Siku ya pili hakuwa na mayai tena. Fisi akamwambia ajitahidi.

Mtasema, kwani hawakuwa na nguvu ya kuung'oa ule ua? Tembo walikuwa wamehama mapema, wale wana akili zao. Nyati walikuwepo, tena wengi, na mmoja tu angetosha kuuvunja, lakini kila nyati alikuwa anamsubiri mwenzake aanze.

Na Sungura je, bingwa wa ujanja? Sungura alikuwa amenyamaza kimya. Alikuwa amechimba kishimo chini ya miiba upande wa nyuma, na kila alfajiri alipenya, akanywa, akatoka akijifuta midomo. Wenzake walipomlilia alisema, "Poleni sana, ndugu zangu, tuvumilie," huku sharubu zinadondoka maji. Hakuona kosa hata kidogo, mpaka asubuhi moja alipoingiza kichwa shimoni akakutana na pua ya Fisi.

"Karibu, mgeni," alisema Fisi.

Sungura aliponea chupuchupu, na nusu ya mkia wake ikabaki ndani. Kishimo kikazibwa kwa mawe. Kufika jioni koo lilikuwa limemkauka, na ghafla moyo wake ukaanza kuwahurumia wanyama wote wa pori. Hivyo ndivyo alivyo, nami sitampamba.

Akaitisha mkutano kwenye kilima cha ng'ambo, kilichotazamana na jabali.

Ulikuwa mkutano wa vurugu. Nyani alitaka kuhutubia kwanza, katikati, na mwisho. Nyati walisema wako tayari kabisa, mradi mtu mwingine atangulie. Kanga alisema hataki siasa, anataka mayai yake. Bi Swala hakusema kitu. Mwanawe alikuwa amelala miguuni pake na hakuweza tena kusimama, kwa sababu mama alikuwa hana maji, na asiye na maji hana maziwa.

"Sikilizeni," alisema Sungura. "Sheria inasema tumwamkie mfalme. Je, inasema tumwamkie kwa karibu?"

Wakatazamana.

"Haisemi!" Sungura akaruka. "Langoni hatupiti, lakini sauti haina lango. Tutamwamkia kutoka hapa, mmoja mmoja, kama alivyotaka mwenyewe. Akituitikia, tuna haki ya kunywa. Akishindwa kutuitikia, si mfalme, kajiapiza mwenyewe. Kote kote sisi tumo."

"Sauti yangu ndogo," alisema Kanga, na wote wakamgeukia kwa mshangao.

"Mmoja wetu hatasikika," alisema Bi Swala, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Lakini wakinyamaza wote wakati mmoja anaamkia, hata chiriku atasikika. Shida ni kuja wote. Mkija nusu, Fisi atakula nusu hiyo."

"Na tutaendelea mpaka lini?" aliuliza Nyani.

"Mpaka mwanangu anywe."

 Wakakubaliana kukutana jua likichomoza. Mzee Kobe hakuuwahi mkutano. Aliishi bonde la pili, na alikuwa amejikokota njia nzima kuja mkutanoni, akakutana na wenzake wanashuka kilima.

"Mmeamua nini?" aliuliza.

"Kesho asubuhi, Mzee, kule juu. Tunamwamkia mfalme."

"Basi naendelea kupanda," alisema Kobe. "Mnisubiri."

Asubuhi kilima hakikuonekana kwa wingi wa wanyama. Walikuja hata wasiotegemewa, chura na kinyonga, na nyati wote, kwa kuwa mara hii hapakuwa na wa kutangulia. Bi Swala, mwanawe mgongoni, akasimama mbele.

"Shikamoo, mfalme!"

Simba alikuwa anapiga miayo juu ya jabali. Akasimamisha masikio. "Marahaba!"

"Shikamoo, mfalme!" Huyo Kanga.

"Marahaba!"

"Shikamoo, mfalme!"

"Marahaba!"

Simba alifurahi mno. Alikuwa na siku nyingi akijiuliza mbona hakuna anayekuja. Akanyoosha manyoya, akakaa vizuri, akajibu kwa sauti nene iliyotikisa mawe. Na kila aliyeitikiwa aliteremka kilima, akaenda kukaa mbele ya lango, kimya, akimtazama Fisi.

Fisi alihesabu macho yaliyokuwa yanamtazama, akaona hesabu haimpendezi. Akapanda kilimani mbio.

"Tawanyikeni! Huu ni uasi!"

"Kumwamkia mkubwa ni uasi?" aliuliza Kanga, ambaye alikuwa amerudi juu ili asikose kitu.

"Nitawakamata wote!"

"Kwa kosa gani, Bwana Fisi?" aliuliza Sungura kwa upole.

"Kwa... kwa adabu!" Fisi alitokwa jasho. "Adabu iliyopitiliza! Nasema kuanzia sasa, ni marufuku kumwamkia mfalme!"

Akasema kwa sauti kubwa mno. Kule jabalini Simba alisimama kwa miguu yote minne.

"Nani huyo anayekataza nisiamkiwe?"

"Mfalme wangu, nilisema tu wasikuamkie kwa fujo..."

"Fujo gani? Shuka hapo! Endeleeni, wanangu, endeleeni!"

Wakaendelea. Wajomba wa Fisi walipomwona mpwa wao anakaripiwa hadharani, walianza kukumbuka shughuli za nyumbani, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka.

Ikafika saa sita, jua kichwani. Wa mwisho alipoitikiwa, wa kwanza alirudi foleni, maana sheria haikusema mnyama aamkie mara ngapi. Vyura peke yao walikuwa ukoo usio na mwisho. Marahaba ya Simba ikaanza kupoteza herufi. Ikawa "Mrahba." Ikawa "Raba." Lakini anyamaze vipi? Alishajiapiza mbele ya watu.

Wakati huo Fisi alimnyemelea Bi Swala pembeni mwa ua, akamnong'oneza.

"Mama, tusitaabishane. Mtoto wako hali yake siipendi. Njoo naye kwa upande wa nyuma, nitakufungulia, mnywe mpaka mshibe. Wewe na yeye tu. Wewe waambie hawa wamechoka, waende nyumbani. Wanakusikiliza wewe."

Bi Swala alimtazama mwanawe. Ulimi wa mtoto ulikuwa umetoka nje, mkavu. Bwawa lilikuwa linametameta pale pale, hatua chache nyuma ya miiba. Machozi yakamtoka, na nadhani hata wewe yangekutoka.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho nini?"

"Kesho tutakunywa?"

Fisi akajikuna. "Kesho ina mambo yake, mama. Kesho tutaongea habari ya kitoweo."

Bi Swala akamgeuzia mgongo. Akapanda kilima huku analia, akasimama mahali pake, akapaza sauti kuliko mara zote. "Shikamoo, mfalme!"

"Aba," alijibu Simba.

Jua likaanza kuinama. Wanyama nao walikuwa hoi. Sauti zilikauka, na Sungura alikuwa amekaa chini, anawaza kwamba labda ujanja wake umefika mwisho. Hakukuwa na wa kuamkia tena. Simba alipoona kimya kimetanda, akashusha pumzi, akaweka kichwa juu ya makucha. Ameshinda.

Hapo nyasi za kilimani zikachezacheza, na Mzee Kobe akatokea.

Alikuwa amepanda usiku kucha na mchana kutwa. Akapumua kwanza. Akafuta uso. Akatazama huku na huku kama wamemsubiri, akaridhika. Kisha akasema, bila haraka yoyote:

"Shikamoo, mfalme."

Simba akainua kichwa. Akafungua kinywa, kikubwa, na meno yote. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, akajikaza mpaka mkia ukasimama. Ikatoka "hhh" tu, basi.

Shikamoo ya Mzee Kobe ikabaki inaning'inia.

Kanga ndiye aliyeanza kucheka, kisha akaufunika mdomo kwa bawa. Wanyama wote wakateremka, wakapita katikati ya Fisi na lango kana kwamba hayupo, na nyati, kwa kuwa walikuwa wanasukumwa na walio nyuma, wakaingia na lango lenyewe. Wakasimama chini ya jabali. Bi Swala alimshusha mwanawe ukingoni, na mtoto akaingiza mdomo wote majini.

Simba alishuka taratibu. "Mzee Kobe," alinong'ona, "shikamoo yako... huwezi kuirudisha?"

"Nimekuja nayo mbali," alisema Kobe.

"Nifanye nini basi? Nimewakosea nini? Bwawa nimewafungulia wote, ninyi ndio hamkuja!"

"Hatukuja?" Kanga akaruka mbele. "Na mayai yangu yote niliyoleta! Angalau yalikuwa matamu, mfalme?"

"Mayai gani?"

 Kila jicho likamgeukia Fisi, na Fisi akatazama kucha zake.

"Kitoweo cha mfalme," alieleza Sungura. "Kila aliyetaka kukuamkia alidaiwa kitoweo chako langoni."

Simba alitetemeka kwa hasira, lakini hasira bila sauti ni kitu cha kusikitisha. "Fisi," alinong'ona, "umefukuzwa. Ondoa miiba yako yote kwa mdomo wako mwenyewe. Nitachagua mlinzi mwingine."

Sungura akaanza kulainisha masikio yake, akasogea mbele kidogo ili aonekane.

"Hatutaki mlinzi mwingine," alisema Bi Swala.

Sungura akarudi nyuma.

"Hata wewe hukuteremka kuuliza mbona watu hawaji," Bi Swala aliendelea. "Leo umemfukuza Fisi, kesho utamweka mwingine mwenye tumbo. Lango liondoke. Na sheria ya maji tutaitunga sote, hapa chini, wewe ukiwemo."

Kiburi cha Simba kikaamka kwa mara ya mwisho. "Na nikikataa?"

 Bi Swala alivuta pumzi tu. Na nyuma yake pori zima, kuanzia nyati hadi chura, likavuta pumzi kwa pamoja.

"Shi..." walianza.

"Basi!" Simba akainua makucha mawili juu. "Basi, basi, basi! Tungeni!"

Wakatunga pale pale. Maji ni ya wote, na anayefika bwawani anamwamkia aliyemkuta, awe mkubwa awe mdogo. Mzee Kobe alipoulizwa kuhusu ile shikamoo yake, alisema atasubiri, hana haraka. Simba aliitwa mfalme kwa kumstahi, na kila alipomwona Kobe kwa mbali alianza kusafisha koo.

Fisi alifanya kazi ya kung'oa miiba mpaka midomo ikamvimba. Alipomaliza, kiu ilikuwa inamuua, akakimbia bwawani, akakuta wote wameshaondoka isipokuwa mmoja. Mtoto wa Swala alikuwa amesimama ukingoni kwa miguu yake minne, maziwa yamemjaa mdomoni.

Fisi akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na wa kumwokoa yeye na aibu ile. Akainamisha kichwa.

"Shi... shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu mtoto wa Swala, akampisha anywe.

Mimi kisa changu nimekifikisha. Anayesema amri ya mwenye nguvu haiguswi, mwambieni aende bwawani akatafute lango.