Mume Aliye Ng'ambo na Aliye Nyumbani

Palikuwa na Sultani, tumbo mbele akili nyuma, aliyetoza kodi ya mafiga. Popote palipoinjikwa chungu, alitaka mbuzi. Wewe na mimi tunaona mawe matatu. Yeye aliona zizi.

Akamwamrisha Fundi Vuai akamjengee boma ng'ambo. Vuai akaenda, afanyeje? Kule akawa anajipikia ugali wake mbichi. Huku mkewe, Bi Mize, alikuwa keshatoa mbuzi wa jiko lake. Askari wakarudi kumtwaa na aliyebaki, yule wa maziwa ya watoto, ati ni kodi ya jiko la ng'ambo. Bi Mize akaja nao hadi barazani kwa Sultani, aliyekuwa anajiandaa kwa safari ya kesho, kaung'ang'ania mkia wa mbuzi.

"Maulana, nyumba yangu ni moja. Wewe ndiye uliyeipasua vipande kwa kazi yako. Nisamehe hilo jiko la pili."

"Sisamehe. Niliyemtuma mimi hahesabiwi kuwa kahama. Kwa sheria, Vuai yuko kwake. Jiko la kule ni anasa zake tu."

"Yuko kwake?"

"Yuko."

"Mbona kitandani simwoni?"

"Macho yako hayatungi sheria, mwanamke."

Bi Mize akamgeukia Kadhi, aliyekuwa anasinzia pembeni. "Shehe, umesikia? Mume wangu analala kwangu?"

"Sultani akisema yuko, yuko."

"Basi nikishika mimba?"

Kadhi alikohoa hadi kilemba kikamwenda upande. Akamtazama Sultani. Sultani akamtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa amenona.

"Ya Vuai," akasema Sultani.

"Hata boma likichukua miaka?"

"Hata likichukua karne. Mwachie mbuzi, uende zako."

Nyuma ya pazia la ndani kikasikika kicheko, tena si cha mtu mmoja.

Bi Mize akauachia mkia. "Ahsante, Maulana. Wake wa mafundi watakuombea dua. Ila hao wake zako walio nyuma ya pazia, wanaokufungia mizigo ya safari ya kesho, nasikia sasa wanafunga mbio mbio. Naona wana swali: na wewe ukishaondoka, utakuwa upo? Niwajibu mimi, au nichukue mbuzi wangu?"