Mifuko Iliyooshwa

Kulikuwa na mama mmoja mfumaji, ndugu zangu. Hakufuma kwa uzi wa dukani. Aliokota mifuko ya plastiki mtaroni, akaifua, akaikata vipande vyembamba na kuviunganisha, kisha kwa kulabu yake ya chuma akafuma vikapu vya sokoni, mazulia ya mlangoni na vitambaa vya meza ambavyo ukipita navyo barabarani watu wanageuka.

Siku moja bombani, mbele ya wanawake waliopanga ndoo, jirani yake wa ukuta mmoja akasema, "Mpisheni Mama Takataka, asije akatuokota na sisi!" Watu wakacheka. Jina likaganda. Wawili wale waliozoea kuombana chumvi wakaacha hata kusalimiana.

Mwaka ukapita. Jumamosi moja asubuhi mfumaji akafungua mlango, akakuta mfuko umetundikwa kwenye komeo, na ndani yake mifuko mingine tele. Akawahi kuiona kanga ya jirani ikipotelea kwenye kona. Damu ikamchemka. Kumbe hata mlangoni kwangu atanifuata?

Lakini mifuko ilinukia sabuni. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, imekunjwa, myeupe kando, ya bluu kando. Akaketi kizingitini ameipakata, haelewi. Hebu niambieni, ninyi mmewahi kuona mtu anafua tusi kabla ya kulituma?

Akamwonyesha dada yake.

"Unauliza nini?" dada yake akamjibu. "Huyo anakuroga. Choma!"

"Sasa mbona ameikunja vizuri hivi?"

"Ndivyo wanavyofanya. Choma, nakwambia."

Akachoma. Jumamosi iliyofuata akaletewa mingine, akachoma. Ikawa hivyo miezi minne. Anachoma mifuko safi kule jalalani, halafu anakwenda kuinama mtaroni kutafuta michafu. Usingizi ukampungua. Kila aliyekutana naye alimuuliza maana ya jambo lile, na kila mtu alikuwa na jibu lake, naye akazidi kuchanganyikiwa.

Hatimaye Jumamosi moja akafungua mlango ghafla, akamkuta jirani mkono uko kwenye komeo.

"Wewe unanitakia nini?"

Jirani akababaika. "Nilikuona mtaroni na mvua yote ile, umeinama, unapapasa kwenye vigae vya chupa. Na mimi ndiye niliyekupa lile jina. Kila nikitaka kuja kukuomba radhi, mdomo unakuwa mzito. Nikasema basi, angalau nimfulie." Akachungulia ndani. "Umeshafuma nini? Mbona sijaona hata zulia moja?"

Mfumaji akainamisha kichwa.

"Niliichoma," akasema. "Yote."

Jirani akautungua mfuko kwenye komeo. Mfumaji akadhani sasa anaondoka moja kwa moja. Lakini jirani akamshika mkono, akamwekea mfuko wa siku ile. "Huu usiuchome, dada yangu."

Mfumaji akalia palepale mlangoni, akamvuta ndani.

Sasa sisi, ndugu zangu. Tunafunga, tunaomba, "Bwana, nipatanishe na fulani." Bwana anamleta fulani, nasi tunatia kiberiti! Kwa nini? Kwa sababu hakuja na maneno tuliyompangia. Tulitaka apige magoti, alie, na mtaa mzima ushuhudie. Yeye kaja na bakuli la maharage. Kapiga simu kuuliza, "Watoto hawajambo?" Tukakata simu, tukaenda kuuliza shemeji, tukauliza shoga, tukauliza mpaka muuza mkaa: huyu ana maana gani? Tumemuuliza kila mtu isipokuwa yeye.

Najua wapo hapa waliochanganyikiwa asubuhi hii. Kuna mtu humwelewi, na baada ya ibada unataka uje uniulize mimi. Usije kwangu. Mimi sijui kilichomo moyoni mwake. Nyumba yake unaifahamu. Nenda ukabishe hodi.