Karatasi Isiyomtaja Halake

Funikeni Biblia zenu kidogo, wapendwa, mnitazame. Leo nataka kuwapa mfano wa mwanamke ambaye si wa kanisa letu.

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha chai huko milimani, na ndani yake alikuwamo mama mmoja. Tumwite Bosibori. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine ya kukaushia majani, na aliisimamia miaka kumi na minne. Wenzake walisema alikuwa akinusa tu, anajua moto umezidi. Bosibori alikuwa Msabato, katika wale ndugu zetu wanaopumzika Jumamosi, kuanzia Ijumaa jua linapozama. Jumamosi haji kazini, lakini Jumapili yupo. Krismasi yupo. Pasaka, sisi tukiwa tumevaa nguo mpya tunaimba, yeye yuko kwenye joto lile, ameshika zamu ya mwenzake. Mliwahi kusikia mtu akilalamika? Hata mmoja.

Kisha akaja meneja mpya, akapanga zamu upya. Bosibori alipoona jina lake limeandikwa Jumamosi, akamwendea ofisini.

"Bwana meneja, nipe Jumapili zote za mwaka. Nipe na sikukuu zote. Jumamosi tu ndiyo siwezi."

Meneja akamjibu bila kuinua macho, "Mama, mimi naendesha kiwanda. Siendeshi kanisa."

Jumamosi tatu zikapita, hakwenda. Jumatatu iliyofuata alipofika langoni akakabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi.

Nyumbani walimwambia nini? Yale yale ambayo mimi na wewe tungemwambia. Shemeji yake alimuuliza, "Kwani Mungu atakasirika ukikosa ibada Jumamosi moja tu?" Akasema, "Mungu hatakasirika. Lakini mimi nitajua kwamba nimeiuza imani yangu."

Akaishtaki kampuni katika mahakama ya kazi. Enyi wapendwa, kesi mnazijua. Leo wakili wa kampuni anaumwa, kesho faili haionekani, kesho kutwa jaji amehamishwa. Miaka miwili. Katika miaka hiyo Bosibori aliketi sokoni akiuza mboga za managu na nyanya, na walionunua ni wale wale aliowafundisha kazi.

Siku ikafika akapanda kizimbani. Wakili wa kampuni alikuwa mtu hodari wa maneno. Akamuuliza, "Mama, una ng'ombe?"

"Ninaye mmoja."

"Jumamosi humkamui?"

"Namkamua."

Wakili akageuka, akawatazama watu kana kwamba kesi imekwisha. "Kumbe Jumamosi unafanya kazi!"

Bosibori akasema, "Ng'ombe nisipomkamua atalala na maumivu, bwana wakili. Kumkamua ni huruma. Sijawahi kusikia majani ya chai yakilia."

Watu wakaangua kicheko. Jaji mwenyewe aliinamisha kichwa, akawa kama anatafuta kitu kwenye karatasi zake.

Lakini baada yake akaitwa shahidi wa kampuni, na hapo kicheko kikaisha. Alikuwa dereva wa lori la majani, jina lake Halake, Mwislamu aliyetoka mbali kaskazini kutafuta riziki. Akaapa, kisha akasema Ijumaa moja, jua likikaribia kuzama, alimwona Bosibori akiiacha mashine inawaka na kwenda zake ibadani. Ulikuwa uongo. Jioni ile Bosibori alikuwa amemkabidhi mwenzake zamu kama kawaida, na Halake alijua. Lakini Halake naye alikuwa na barua ya onyo mfukoni, kwa sababu Ijumaa saa saba mchana alikuwa akitoroka kwenda msikitini. Walimwambia, "Ukisema hivi, kazi yako ipo." Ana watoto wanne. Akasema hivyo.

Bosibori alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka pale. Alimtazama hadi akamaliza. Halake hakumtazama hata mara moja.

Kabla ya hukumu kampuni ikaogopa. Ikamtuma wakili wake na karatasi. Bosibori arudishwe kazini, mashine yake ile ile, Jumamosi ziwe zake maisha yote. Sharti moja tu: aondoe kesi, yaishe kimya kimya. Wakili wa Bosibori alifurahi hadi akasimama. "Mama, tia sahihi. Umeshinda!"

Bosibori akaisoma polepole, kidole kikipita chini ya maneno. Akauliza, "Karatasi hii inamtaja Halake?"

"Halake gani?"

"Dereva. Ijumaa wanamnyima ruhusa ya kwenda kuswali."

"Yule aliyekusingizia mbele ya jaji?"

"Huyo huyo."

"Mama, hii inakuhusu wewe peke yako."

Akairudisha mezani. "Basi hii si haki. Ni zawadi, na aliyenipa zawadi akikasirika ataichukua. Mimi nataka jaji aseme."

Ninyi mngetia sahihi? Mimi mwenzenu ningetia, na kalamu ningeomba niende nayo nyumbani.

Ilichukua miezi saba mingine ya managu na nyanya, na hakuna aliyemhakikishia kwamba atashinda. Wakili wake alikuwa amemwambia wazi, "Jaji akikataa, hutapata hata kile walichokupa." Akangoja. Mwishowe jaji akasema: mama huyu arudishwe kazini, na kampuni iweke utaratibu kwa kila mfanyakazi anayeomba nafasi ya ibada, wa dini yoyote, maadamu zamu zinaweza kupangwa. Wa dini yoyote!

Jumapili iliyofuata Halake akaenda kwa Bosibori. Hakuingia. Alisimama nje ya lango, kofia mkononi.

"Dada, nilisema uongo juu yako."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa kwa nini hukutia sahihi? Wamenipa Ijumaa yangu. Kwa nini unitendee hivi?"

Bosibori akasema, "Wewe husali kama mimi, nami sisali kama wewe. Lakini ningepata siku yangu wewe ukakosa yako, ningepiga magoti nimwambie Mungu nini? Ingia, chai iko tayari."

Naona mnapiga makofi. Naye anastahili. Lakini shusheni mikono, sijamaliza.

Januari mwaka huu alikuja mzee mmoja katika shule ya kanisa letu, amemshika mkono binti yake. Binti amefaulu, anataka kusoma hapa kwa kuwa hapa ni karibu na walimu ni wazuri. Amevaa hijabu. Baba hakuomba binti asamehewe sare, wala asamehewe masomo. Aliomba tu aachiwe kitambaa chake cha kichwani. Kamati ikaketi. Tulimwambia, "Mzee, sisi tunaendesha shule ya Kikristo." Aliyeongoza kikao kile ni mimi. Sahihi iliyo kwenye barua ya kumkatalia binti ni yangu.

Na Jumapili ile ile, hapa hapa, tuliwaombea kwa machozi ndugu zetu wa nchi za mbali wanaonyimwa uhuru wa kuabudu.

Kwa hiyo tunapomsifu Bosibori, sisi tumekaa upande gani wa mahakama ile? Tunaketi na mama, au tunaketi na meneja? Uhuru unaoudai kwa ajili yako peke yako, ndugu yangu, ni upendeleo. Bwana wetu alisema yote tupendayo tutendewe na watu, nasi tuwatendee vivyo hivyo. Hakusema watu wa dhehebu letu. Alisema watu.

Kesho asubuhi nakwenda nyumbani kwa mzee yule kumwomba radhi, na jioni nimeitisha kamati. Nahitaji wazee wawili wa kanisa waende nami. Sitawaambia mfumbe macho na kuinua mikono kwa siri. Macho yawe wazi.

Nani anasimama?