Bado Vifungo Tu

Wiki iliyopita niliwauliza hapa hapa, kwenye ibada yetu ya chuo: mtu anayeahirisha kazi anayoipenda anaogopa nini? Wengine mkaangalia simu. Sawa. Leo nimerudi na mama mmoja, mshonaji.

Mama huyu aliletewa lesi nyeupe na binti aliyekuwa anaolewa. Lesi hiyo ilinunuliwa na mama wa binti, akafariki kabla ya kuiona ikiwa gauni. Fundi akachukua vipimo, akaahidi wiki mbili.

Kila asubuhi alinawa mikono, akaifungua lesi, akaipapasa, akaikunja tena vizuri. Halafu akashona sare za shule, akabadilisha zipu, akapaka cherehani mafuta. Binti akija, anaambiwa, "Karibu mwanangu! Bado vifungo tu. Pitia keshokutwa."

Mnacheka? Nani hapa hajamwambia msimamizi wake "nimebakiza masahihisho madogo" wakati ukurasa ni mweupe kuliko hiyo lesi?

Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi, binti akaja na shangazi yake. Shangazi hakusubiri kukaribishwa. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akaivuta lesi. Nzima! Haina hata alama ya chaki.

"Vifungo umevishona wapi, fundi? Hewani? Mvivu mkubwa wewe!"

Hapo ndipo ninapokasirika, jamani. Mvivu? Mtu aliyeshona sare ishirini wiki hiyo? Tunapenda sana neno hilo kwa sababu linatupa ruhusa ya kutouliza zaidi. Binti aliuliza.

"Fundi, shida ni nini?"

Mama wa watu akaanza kulia. "Ni ya marehemu mama yako. Nikiikata vibaya, nitakutafutia wapi nyingine? Kila nikishika mkasi mkono unatetemeka. Najiambia, kesho utatulia."

"Umetulia?"

"Unazidi, mwanangu."

Binti akachukua mkasi mezani, akauweka kwenye kiganja cha fundi.

"Mama hakuinunua ikae salama. Aliinunua niivae. Ikibaki kwenye rafu mpaka Jumamosi, imeharibika yote. Kata. Ukikosea, nitalivaa gauni na kosa lako."

"Makubwa!" shangazi akasema, akakaa chini.

Fundi akakata. Na alikosea! Mkono mmoja wa gauni ulitoka mfupi, kama upana wa vidole viwili. Akapunguza na wa pili, ikalingana. Jumamosi binti alicheza mikono juu, na katika watu wote wale, aliyejua kosa liko wapi ni fundi peke yake. Alikuwa amekaa nyuma, analia tena, kilio kingine kabisa.

Sasa niambieni: lesi ilikuwa ya nani? Ya binti. Na mwenye lesi hakuogopa! Aliyetetemeka ni yule aliyekabidhiwa tu. Ndio sisi. Mungu ametukabidhi kipaji, utafiti, ile barua ya kumwomba kaka msamaha, na sisi tunakunja vizuri, tunarudisha kwenye rafu, halafu tunajiita watu makini. Umakini gani huo? Mwenye mali amesimama mbele yetu, ametuwekea mkasi mkononi, anasema ukikosea nitalivaa. Tunachongoja ni nini, mkono utulie? Ule wa fundi ulitulia alipokuwa anakata. Kabla ya hapo, wala.

Sitawaomba mmalize chochote wiki hii. Nawe uliyeinamisha kichwa pale nyuma, sikuiti mvivu. Najua umeshaifungua na kuikunja mara nyingi.

Nakuomba hili tu: ukitoka hapa, kabla hujala chakula cha mchana, itoe kwenye rafu ile kazi unayoijua wewe, uikate mara moja. Hata kama mkono unatetemeka.