Munyu wa Bibi Ruthu

Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mbacha wako, ule mkeka mkuukuu wa nyumbani, uliolegea nyuzi, ambao hata mwenye miguu ya vumbi haoni haya kuukalia. Msala nao ni mkeka mzuri wa kusalia, lakini huu unaosemwa hapa una mwenyewe, naye yuko safarini. Anapita nao tu. Wengi huisikia methali hii wakaiona ni mapambo ya maneno, na Erica, mke wa Yoramu Mazengo wa Nkuhungu, alikuwa miongoni mwao. Siku hizi ukiitaja mbele yake, huinamisha kichwa akatafuta kazi ya kufanya.

Mbacha wake ulikuwa duka la Sikudhani. Sikudhani alikuwa Mrangi wa Kondoa, mama wa binti mmoja aitwaye Naima, na duka lake lilitazamana na lango la kina Yoramu. Halikuwa duka la kujivunia. Mafuta ya kula yalipimwa kwa kikombe, sabuni ya mche ilikatwa kwa kisu, nyanya zilipangwa kwa mafungu juu ya gunia, na pembeni kulikuwa na mlenda mkavu ndani ya beseni. Mbele ya duka kulikuwa na benchi, na benchi hilo halikukosa wanawake wa mtaa. Hapo ndipo habari zilipopikwa na kupakuliwa kabla ya mchana.

Tangu aolewe, Erica alinunua kila kitu pale, mpaka siku aliponunua ndimu.

"Ndimu zote hizo, Erica!" alisema mmoja wa waliokaa kwenye benchi. "Kuna mgeni njiani nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Erica alikuwa ameolewa miaka mingi ya kutosha kupata watoto wa kupeleka shule, na hakuwa na hata mmoja. Ndimu zile zilikuwa za samaki, si za hamu ya mimba. Alimtazama Sikudhani akitumaini atawakemea, lakini Sikudhani alitabasamu tu, pengine kwa kukosa la kufanya na uso wake. Tabasamu hilo lilimchoma Erica kuliko kicheko cha benchi zima. Alichukua ndimu zake akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile akahamia duka kubwa la Area D. Kule milango ilikuwa ya vioo, ndani kulikuwa na ubaridi wa kupendeza, na bei zilibandikwa wazi. Mtu alichukua kikapu, akachagua, akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza leo mnapika nini. Hakuna aliyechungulia mfuko wa mwenzake. Erica aliyaona hayo kuwa raha ambayo hajawahi kuijua.

"Pale hakuna anayenijua," alimwambia mumewe kwenye simu. Yoramu alikuwa fundi mwashi, na siku hizo alikuwa na kazi Kibakwe, akirudi nyumbani mara moja moja.

"Nunua unakotaka, mke wangu," Yoramu alijibu. "Ila nakuomba jambo moja. Mama usimkatishe njia yake ya kwa Mama Naima. Ameizoea."

Erica aliguna, wakaagana.

Mama mwenyewe, Bibi Ruthu, alikuwa ameletwa mjini baada ya akili yake kuanza kumponyoka. Jina la mwanawe alilikumbuka asubuhi, likampotea jioni. Lakini jambo moja halikumpotea kamwe. Kila kukicha alifunga konzi ya uwele kwenye pindo la khanga, akavuka njia, akasimama mbele ya duka la Sikudhani.

"Mbukwa, bibi!" Sikudhani alimsalimu Kigogo, ingawa si lugha yake.

"Mbukwa. Nataka munyu."

Munyu ni chumvi. Enzi za usichana wake, Bibi Ruthu alifuatana na mama yake kwenda mbuga ya Bahi kukwangua udongo mweupe, wakauchuja na kuuchemsha mpaka chumvi ikabaki chunguni. Asiyeweza kwenda huko aliipata kwa kubadilishana na nafaka. Basi Sikudhani aliupokea ule uwele kwa mikono miwili, akafunga chumvi kidogo kwenye karatasi, akaiweka kiganjani mwa bibi na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja. Bibi Ruthu aligeuka, akarudi nyumbani moja kwa moja, ngumi yake ameikumbatia kifuani.

Erica aliuona mchezo huo kila siku, akaudharau. Kisha asubuhi moja akafagia chini ya kitanda cha mama mkwe. Loo! Vipakiti vya chumvi vilikuwa vimelundikana huko hata visihesabike. Vya chini vilikuwa vimeyeyuka na kulowesha sakafu, na mguu wa kitanda cha chuma ulikuwa umeanza kuliwa na kutu. Alikwenda stoo akafunua debe la uwele, akaona limepungua kweli.

Damu ilimchemka. Tuseme ukweli, haikuwa hasira ya uwele. Ilikuwa hasira ya ndimu, iliyokuwa imekaa siku nyingi ikitafuta mlango wa kutokea. Alivijaza vipakiti ndani ya ndoo, akavuka njia, akavimwaga mbele ya duka, watu wa benchi wakiwa wamejaa.

"Mwizi mkubwa wee! Mzee wa watu hana kumbukumbu, unamuuzia chumvi kila siku na kula uwele wetu! Huna haya?"

Sikudhani alitoka nje taratibu. "Erica, mdogo wangu, ingia ndani tuongee. Munyu huo una sababu yake."

"Sababu ya wizi naijua! Usimpe tena mama mkwe wangu hata punje moja. Ukimpa nakwenda serikali ya mtaa."

"Nisikilize kwanza, jamani."

"Sisikilizi mwizi!"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja duka zima. Habari zilienea mtaani kwamba Sikudhani anawaibia wazee. Waliokuwa wakinunua kwake walianza kuchunguza mizani, kisha wakaanza kupita bila kusalimia. Wengine walimfuata Erica hukohuko Area D. Benchi likabaki tupu. Haikuchukua muda Sikudhani akafunga virago kurudi Kondoa. Asubuhi ya kuondoka aliacha ndoo mbele ya lango la kina Yoramu, imejaa uwele hadi ukingoni.

Erica aliwaita majirani waje washuhudie. "Mmeona? Mwizi karudisha mwenyewe!"

Hakuna aliyejiuliza ni mwizi gani anayetunza alichoiba bila kupunguza hata konzi moja.

Bibi Ruthu alivuka njia siku iliyofuata na kukuta mlango umefungwa kwa kufuli. Alibisha. Akabisha tena. Erica alimfuata akamshika mkono. "Mama, duka limekufa. Twende nikakuonyeshe zuri zaidi."

Akampeleka Area D. Bibi Ruthu alitembea kati ya rafu akishangaa, na walipofika kwa mhudumu wa malipo, alifungua pindo la khanga, akamimina konzi yake ya uwele juu ya kaunta.

"Nataka munyu," alisema.

Punje zilitawanyika, nyingine zikadondoka sakafuni. Foleni ikacheka. Yule dada wa malipo alitazama huku na huku, akauliza kwa sauti, "Jamani, bibi huyu yuko na nani?"

Erica alikuwa nyuma yake, kikapu mkononi. Alihisi macho ya foleni nzima, na kile kicheko cha ndimu kikamrudia masikioni. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka mlinzi akaja kumshika bibi kiwiko ili amtoe nje, ndipo aliposema kwa sauti ndogo, "Yuko na mimi."

Bibi Ruthu alikuwa bado ameinama, anaokota uwele wake punje moja moja.

Baada ya aibu hiyo Erica hakumchukua tena. Alinunua mfuko mzima wa chumvi, ule wa nailoni wenye picha, akauweka mezani. "Mama, munyu wako huu hapa." Bibi aliutazama kama mtu anavyotazama mzigo wa mgeni, wala hakuugusa. Basi kila Erica alipokwenda Area D, alimwacha uani na kulifunga lango kwa waya.

Siku ya tukio jua lilikuwa kali, vumbi likizunguka njiani kama kawaida ya miezi ile kabla ya mvua. Erica aliporudi na mifuko yake, waya ulikuwa umefunguliwa, lango liko wazi, na uani hakuna mtu. Alikimbilia mlango wa Sikudhani. Kufuli lilikuwa palepale. Aliuliza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alimwona bibi asubuhi akibisha mlango ule uliofungwa, akamwambia duka halipo tena. Bibi alimshukuru, akaendelea mbele. Jirani alidhani anarudi kwao.

Yeye na majirani walitafuta mpaka jua likazama, na kesho yake wakaamkia kazi hiyohiyo. Yoramu alikuwa njiani kutoka Kibakwe. Katika kuhangaika, Erica alifungua simu yake akaliona jina ambalo hakuwahi kulifuta. Akapiga.

"Dada Sikudhani, ni mimi. Mama amepotea."

Kutoka upande wa pili likaja swali moja. "Alikuwa na munyu mkononi?"

"Dada, sikuelewi."

"Erica, bibi akitoka nyumbani huwa ametumwa. Kwa akili yake, mama yake mzazi anamsubiri nyumbani ampelekee munyu. Akiushika mkononi, anarudi. Asipoupata, hawezi kurudi mikono mitupu, ataendelea kwenda. Nililijua hilo siku chumvi iliponiishia dukani. Nilimkuta keshafika relini. Ndiyo maana sikuacha kumpa hata siku moja. Na uwele wake niliupokea kwa sababu bila kuupokea alikataa munyu, alisema yeye si ombaomba. Nilitaka kukwambia siku ile."

Erica aliketi chini, pale pale mavumbini.

"Sasa atakuwa amekwenda wapi, dada?"

"Alizoea kusema munyu wa kweli uko Bahi. Angalieni barabara ya Singida. Fanyeni haraka, mdogo wangu, jua hili si la mchezo."

Walifanya haraka, lakini haraka hiyo ilikuwa imechelewa. Wachungaji wa ng'ombe walikuwa wameshamwona, mbele ya Nala, njia ya kwenda Bahi, ndani ya korongo kavu chini ya mgunga. Kiu na jua vilikuwa vimemaliza kazi yao. Kandambili zake zilikuwa zimekatika. Ule uwele haukuwa tena kwenye pindo la khanga, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imefungwa kifuani. Yoramu, aliyefika wakati ule ule, alipiga magoti akavifungua vidole vya mama yake kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na udongo mweupe uliokwanguliwa kando ya korongo, na punje zake za uwele zilikuwa zimewekwa vizuri palepale alipoukwangua, kama malipo.

Mchungaji mmoja mzee aliyesoma nyayo alisema jambo ambalo Erica angetoa chochote ili asilisikie.

"Tazameni nyayo zake. Hapa alikuwa anakwenda. Hapa akageuka. Bibi yenu alikuwa anarudi nyumbani."

Yoramu hakupaza sauti wala hakumnyooshea mkewe kidole. Alimtazama, akasema, "Nilikuomba jambo moja." Hakuongeza neno, wala tangu siku ile hakuongeza mengi.

Msibani Sikudhani alikuja kutoka Kondoa na Naima wake. Alikaa na wafiwa, akapika, akaosha vyombo. Hakumlaumu mtu. Wanawake wa benchi walishindwa kumtazama usoni. Siku ya kuondoka, Erica alimfuata nje, macho yamemvimba.

"Dada, nisamehe. Rudi, ufungue duka."

"Nimekusamehe," Sikudhani alijibu. "Lakini sirudi. Nikifungua, nitakuwa namngoja kila asubuhi."

Matanga yalipokwisha, nyumba ilikuwa haina chumvi, kwa kuwa yote ilitumika kwa wageni, hata ule mfuko wenye picha. Erica alikwenda Area D kwa sababu hakuwa na kwingine. Milango ya vioo ilimfungukia kama ilivyomfungukia siku zote. Ubaridi ulikuwa ule ule. Alichukua chumvi, akasimama kwenye foleni, machozi yakimtiririka bila kujificha, na hakuna aliyegeuka. Yule dada wa malipo, aliyewahi kuuliza bibi yuko na nani, alipitisha chumvi kwenye mashine bila kuinua macho.

"Utahitaji mfuko?"

Erica alisubiri. Alikuwa akisubiri mtu amuulize kuna nini, mama yangu, mbona hivyo, leo mnapika nini. Alisubiri mpaka aliyekuwa nyuma yake akamsogeza kwa kikapu. Alitaka kwenda mahali ambapo hakuna anayemjua, na sasa alikuwa amefika.

Alirudi Nkuhungu kwa miguu, chumvi ameishika mkononi, akapita mbele ya mlango wenye kufuli na benchi lililojaa vumbi. Nyumbani aliikuta ile ndoo ya uwele, imejaa hadi ukingoni, hakuna wa kuibadilisha na munyu. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.