Vuai na Siku Saba za Kutofanya Kitu

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, palikuwa na Sultani ambaye kwake kila jambo lilikuwa na mtu wake. Wa kufukuza inzi alikuwapo, wa kupiga miayo Sultani anapochoka alikuwapo, na wa kucheka Sultani anapotania alikuwapo pia, tena na msaidizi. Ole wake agusaye kazi ya mwenziwe, hufukuzwa siku hiyo hiyo. Na Vuai bin Mcha, fukara wa Mungu, kazi yake ilikuwa kumwamsha jogoo wa Sultani, ili jogoo naye awaamshe watu.

Basi ikatukia siku moja wageni wakawa wengi kuliko kuku, na jogoo akaishia katika biriani. Vuai mwenyewe alikula paja lake pasi na kujua, akalisifu sana. Kesho yake akaambiwa, "Jogoo hayupo, mwamshaji wa nini?" Akarudi kwa mkewe, Mize, mikono mitupu.

Mize akamwambia, "Si Sultani ametoa amri, aliyekosa kazi bila ya kosa lake apewe kikapu cha mchele kila Ijumaa mpaka apate nyingine? Nenda ukaombe, mume wangu. Watoto watatu hawashibi aibu yako."

Vuai akaenda. Lakini mchele ule ulikuwa chini ya Waziri, Mwinyi Gharibu, mtu mwenye mkono wa birika, aliyeuonea uchungu mchele wa watu utadhani ameulima yeye.

"Ati huna kazi?" akauliza Waziri.

"Sina, bwana."

"Nitajuaje? Keti juu ya mkeka huu mbele yetu siku saba, tangu asubuhi hadi magharibi, wala usifanye kazi yoyote, kubwa wala ndogo. Ukifanya, basi una kazi, na mchele huna."

Vuai akaona jambo jepesi, akaketi. Siku ya tatu inzi akatua puani pake, naye akampunga. Waziri akaruka. "Ahaa! Kufukuza inzi ni kazi! Anza upya!" Akaanza upya. Siku ya sita akapiga miayo. "Hiyo nayo ni kazi, ina mtu wake! Anza upya!"

Jioni ile Vuai aliingia kwake kwa haya, maana chunguni mlikuwa na mchicha na maji tu. Mize akamtazama weee, kisha akasema, "Kama hata kukaa kitako kumekushinda, kazi gani utaiweza?" Vuai akacheka, kisha moyo ukamuuma, akaapa mara hii hatatikisa hata kope.

Akakaa. Inzi wakatua, wakaondoka kwa hiari yao. Siku ya saba ikawa Ijumaa, na desturi ya Ijumaa ilikuwa kufukiza majoho udi. Waziri akasimama juu ya chetezo, huku amemwinamia Sultani akimweleza jinsi anavyoulinda mchele wa ghalani. Mara kaa moja likaruka, likashika pindo la nyuma la joho lake. Vuai akaliona. Watu wote wakaliona. Lakini mzima moto alikuwa amekwenda harusini kwa wakweze, na hapana aliyethubutu kugusa kazi yake.

"Udi wa leo unanuka pamba," akasema Sultani.

Waziri akageuka, akauona moto, akapiga ukelele. Mtungi wa maji ulikuwa kando ya mkeka wa Vuai.

"Vuai! Nimwagie maji!"

"Bwana Waziri, kuzima moto ni kazi. Nami leo natimiza siku saba."

"Mwaga, mjinga wee!"

"Nikimwaga, nina kazi. Nikiwa na kazi, mchele sina. Nina watoto watatu, bwana."

"Si kazi! Naapa mbele ya Maulana, si kazi!"

"Na kufukuza inzi?"

"Si kazi!"

"Na kupiga miayo?"

"Si kazi! Wallahi, hata uwaziri si kazi! Mwaga!"

Basi Vuai akainuka taratibu, akammwagia mtungi mzima.

Mchekaji akamtazama Sultani, akingoja ishara, kumbe Sultani ameshaanza mwenyewe, anacheka hata kilemba kimemwanguka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka bila ya msaada.

"Nimesikia kwa masikio yangu," akasema alipopata pumzi. "Uwaziri si kazi. Basi Mwinyi Gharibu, kwa kuwa leo huna kazi, mchukulie Vuai mchele wake hadi mlangoni. Vikapu vitatu, kimoja kwa kila mara uliyomkalisha."

Mize alikuwa uani akichambua mchicha. Akamwona mumewe anakuja, na nyuma yake mtu aliyelowa chapachapa, joho limebaki nusu, vikapu kichwani na mikononi. Akamhurumia kwelikweli.

"Masikini, na huyu naye kafukuzwa kazi?"

"Bado," akajibu Vuai. "Lakini mkaribishe mkekani. Siku akifukuzwa, nitamfundisha kukaa kitako."