Shauri la Chumvi Katika Kunde za Kanga

Shauri la Chumvi Iliyopita Kiasi Katika Kunde za Baraza, Pamoja na Mambo Yanayohusiana Nayo. Hilo ndilo jina lake kamili, na karani alipumzika mara mbili kulisoma. Paukwa, basi, wenzangu. Pakawa, mmeitika, ingawa mmoja wenu bado anatafuna.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na ofisi kabla hawajawa na milango, Kanga alikuwa mpishi wa baraza. Siku moja Ngiri alionja kunde zake, akasonya, akaenda kushtaki. Kwa desturi ya nchi ile, mpishi akipatikana na hatia hunyang'anywa upawa, na asiye na upawa hapiki popote, hata kwake. Upawa wa Kanga ulikuwa wa marehemu mama yake. Aliukumbatia kwa mabawa yote mawili.

Tena, shauri la chakula halisikilizwi mpaka chakula chenyewe kiletwe. Sufuria ikaletwa.

"Mashtaka yanasemaje?" akauliza Nyati, mwamuzi.

Kima, karani, akasoma: "Chumvi imepita kiasi. Moshi umepita kiasi. Na maringo ya mshtakiwa yamepita kiasi."

"Maringo yafute. Bi Kanga, una neno?"

"Mheshimiwa, nauliza tu. Kiasi chenyewe ni kipi, hata kipitwe?"

Kima akapekua majalada yote. Kiasi hakikuandikwa popote.

"Basi kitafutwe," akasema Nyati. "Pakua."

Kanga akapakua. Ngiri akaonja, akasema, "Imezidi. Lakini ngoja nihakikishe."

Kima akaonja, akasema, "Imezidi. Lakini ngoja nihakikishe."

Nyati akaonja, akafumba macho, akasema, "Imezidi. Lakini ngoja nihakikishe."

Wakahakikisha mara ya pili, wakahakikisha mara ya tatu.

"Bi Kanga, ugali upo?" akauliza Ngiri.

"Wa nini, bwana?"

"Wa ushahidi."

Ugali ukaja. Kanga akaona ameshika upawa kwa bawa moja tu.

"Bado imezidi, bwana Ngiri?"

"Imezidi mno. Hebu kwangua hapo chini."

Nyati akainama juu ya sufuria, akakuta anatazamana na uso wake mwenyewe. Akajifuta mdomo taratibu.

"Karani, andika. Kilichozidi kimetafutwa kwa bidii, hakikuonekana. Mshtakiwa aende na upawa wake."

Kima akaandika kurasa tatu, akagonga muhuri kila ukurasa.

Hadithi yangu inakomea hapa, na yaliyotokea ni haya: walikuwa na njaa, wakala kunde zote.